Ogani Nyuma ya Sharifa

Sauti ya mwanamke ilikuwa imekwisha kuondolewa, lakini pumzi yake ikabaki.

Chadrack aliisikia mchana wa jua kali, kaski za kusikilizia masikioni, katika chumba kidogo cha nyumba yake ya Rugenge, joto likimshukia kutoka kwenye mabati. Kompyuta ilikuwa imefanya kazi yake: imemchambua mwimbaji kama mtu anavyochambua mchele, imemtupa, imeiacha ogani peke yake. Ogani ilitoka safi. Lakini kila mstari wa wimbo ulipokaribia, mtu alivuta pumzi. Pumzi ndefu, yenye majimaji, kama ya mtu aliyeibuka baada ya kuzamia sana ziwani. Hakuna neno lililofuata. Alivuta tu, kisha akanyamaza.

Chadrack akairudisha nyuma, akaifuta, akasikiliza tena. Pumzi ilikuwa palepale.

"Takataka," akasema.

Neno hilo halikumkauka mdomoni. Muziki wa harusi ulikuwa takataka, matarumbeta ya mazishi takataka, na wasikilizaji waliopiga simu kwenye redio yake ya mtaani kuomba nyimbo za kuchezea aliwaambia hewani, kwa upole wa kuudhi, kwamba Mungu aliwapa masikio ya kushikilia miwani. Mke wake Noella aliimba sauti ya pili katika korali ya kanisa lao. Chadrack hakuwahi kumtukana kwa hilo. Noella alipoanza kuimba huku akisonga bugari, yeye aliinuka, akafunga mlango wa jikoni polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Noella kuliko tusi. Miaka ilipopita, Noella akajifunza kuimba midomo ikiwa imefungwa.

Binadamu mmoja tu ndiye aliyeheshimiwa na Chadrack, naye alikuwa marehemu. Huyo ni Maestro Kizito, mtoto wa Kalundu, aliyeanza na kinanda cha misheni, akaichukua jazi akaitia maji ya Tanganyika, mpaka santuri zake zikasikilizwa Ulaya na watu waliovua kofia. Kizito alipofariki mwaka huo, Uvira nzima ililia, hata wasioweza kutofautisha ogani na friji. Kila redio ikapiga nyimbo zake zilezile maarufu. Chadrack alichukia kuwa mmoja wa kundi. Akataka kuwapa watu kile wasichokijua: kazi alizozifanya Kizito kabla jina lake halijavuma, alipokuwa akikaa nyuma ya wengine, kichwa chini, akiwasindikiza.

Kutafuta huko kulimfikisha kwa Mama Furaha, muuza vitambaa vya vikwembe wa Kalundu, mmoja wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara za ziwani wasirudi tena walikotoka. Dada yake mkubwa, marehemu Sharifa, aliwahi kuwa mwimbaji wa harusi. Kizito alipiga ogani katika kanda zake zote, na kanda hizo hazikuwa kwa mtu mwingine duniani ila kwa Furaha, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Kizito alikuwa anapigia dada yangu," Furaha alimwambia, bado hajaachia kitambaa. "Mu redio useme vile. Usiseme dada yangu alikuwa anaimbia Kizito."

"Nitasema vile, Mama."

"Na uzipige nzima. Wimbo na mwenye wimbo."

"Nzima kabisa, Mama Furaha."

Chadrack alicheka njia nzima juu ya pikipiki. Wimbo na mwenye wimbo! Mwanamke wa harusi ambaye jina lake halikuvuka mto Mulongwe.

Lakini aliposikiliza, kicheko kilimkatika. Katika kanda zile Maestro hakufanya karibu chochote. Alibonyeza sauti chache za chini akazishikilia, akazishikilia tu, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekaza mlango usifunguliwe na upepo. Na juu yake mwanamke yule alipanda, akashuka, akapasua. Chadrack alikasirika kwa niaba ya Kizito. Akajiambia kwamba Maestro alikuwa amezibwa, kwamba chini ya kelele zile kulikuwa na dhahabu. Ndipo akamtoa Sharifa.

Akapiga ogani tupu hewani jioni ileile. "Leo," aliwaambia wasikilizaji, "mtamsikia Maestro bila makelele ya kando." Jina la Sharifa hakulitaja.

Aliporudi nyumbani alimkuta Noella amekaa nje kwenye benchi, taa ya simu ikiwaka mkononi, sufuria haijainjikwa.

"Ndani kuko nani?" Noella akanong'ona.

"Nani? Nyumba iko yetu sisi wawili."

"Umeme imeenda tangu saa kumi. Hakuna redio, hakuna nini. Minye nilikuwa nafagia, nikasikia mwanamke anavuta pumzi nyuma ya rido ya mulango. Nikafikiri iko jirani. Nikafungua rido." Akaelekeza taa ya simu mlangoni. "Hakuna muntu. Lakini pumzi iliendelea, Chadrack. Karibu na shavu langu."

"Mnadanganyana sana kwenye ile korali yenu," alisema Chadrack, akampita, akaingia.

Ndani kulinuka. Ubani, na chini ya ubani tope, lile tope jeusi la ukingoni mahali ndagala waliosahauliwa wanapoozea. Akafungua madirisha. Harufu haikutoka. Ilikaa kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Siku zilizofuata mambo yalikuja madogo madogo. Bidoni la maji lililojazwa asubuhi lilikutwa nusu kabla ya adhana ya adhuhuri, na sakafu kavu. Ndege waliokuwa na kiota chini ya paa wakakihama. Noella akaanza kulala uso ukutani, mkono umefunika mdomo. Chadrack alipomuuliza kwa nini, akajibu kwa sauti ya chini sana, "Nikifungua, inataka kuingia."

Chadrack akafumba macho kwa uchovu. Hivi ndivyo walivyo, akawaza. Unamtoa mtu Lubarika kwenye mashamba ya mihogo, lakini Lubarika huitoi ndani yake.

Kisha siku moja, jua likiwa utosini, amejilaza kwa joto, alisikia wimbo kutoka jikoni.

Ilikuwa sauti ya Sharifa. Si ile ya kanda, iliyochakaa kwa miaka. Hii ilikuwa na nyama na mate, na ukuta wa chumba ulitetemeka nayo kidogo. Chadrack akatembea hadi mlangoni kwa vidole. Noella alikuwa amempa mgongo, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe, na sauti ile inamtoka yeye. Haikuwa inapasua sasa. Au labda ilikuwa imepasua siku zote na masikio yake ndiyo yalikuwa yamezibwa. Alijua kabisa kwamba alilokuwa akiliona si la heri, na kwamba mtu mwenye akili angemshika mke wake wakatoka mbio.

Akarudi chumbani kuchukua kifaa cha kurekodia.

Alipokiweka juu ya meza ya jikoni, wimbo ulikatika. Noella akageuka. Macho yake hayakupepesa.

"Umerudi na kale kadude kako," sauti ikasema. "Muone. Bibi yake anakufa, na yeye anasogeza kadude karibu."

Chadrack hakukizima.

Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulisimulia kwa mchungaji wala kwa mama yake mzazi. Hakukizima, na siku ya pili akakiandaa mapema. Kila adhuhuri jini alipanda kwenye koo la Noella akaimba, na kila adhuhuri Chadrack alikaa kwenye kigoda mbele yake kama mwanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alimsikiliza mke wake kwa moyo wote, na aliyekuwa akisikilizwa hakuwa mke wake. Noella akakonda. Shingo ikavimba, midomo ikapasuka, akanywa maji bila kushiba. Maneno ya kawaida yakaanza kumkauka. Siku moja tu, asubuhi, alipata nafasi ya kuwa yeye mwenyewe. Akamkamata mumewe kwenye kiwiko.

"Nakuomba," alinong'ona. "Itia muntu. Pasta, muganga, yeyote. Minye nimechoka kumubeba."

"Kesho," Chadrack akasema.

"Leo, Chadrack."

"Kesho, Noella. Pumzika kwanza."

Kwa sababu jana yake jini aliuacha wimbo mmoja katikati, naye alitaka kuusikia ukimalizika.

Ukamalizika kweli. Adhuhuri hiyo harufu ya tope ilijaa nyumba mpaka ikawa kama unaitafuna, na Noella akakaa kitandani mgongo umenyooka, akavuta ile pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka majini, akaanza. Na Chadrack, ambaye alikuwa amefumba macho apate kuonja vizuri, akayafumbua kwa sababu ya kitu ambacho kwanza hakukitambua, kisha akakitambua polepole kama mtu anavyotambua kwamba maji ya mto yamefika kizingitini, nacho ni kwamba wimbo ulikuwa ukiendelea na kuendelea, mstari juu ya mstari, na kifua cha Noella hakikuwa kimeshuka hata mara moja, alivuta pumzi ile ya kwanza akabaki nayo, na mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, na kucha zilikuwa zinageuka rangi ya udongo wa mfinyanzi, na sauti ile kubwa tamu inamwagika kutoka kwenye kinywa kisichotingishika. Na chini ya sauti ile, mbali, kama mtu anayeimba akiwa chini ya kisima kilichofunikwa, kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya kawaida, sauti ya pili ya korali, inafuata wimbo hatua kwa hatua kwa sababu haikupewa njia nyingine ya kutoka, na sauti hiyo ndogo haikuwa na maneno ya wimbo, ilikuwa na neno moja tu, nalo ni jina lake, Chadrack, Chadrack, Chadrack.

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la ziwani.

Ndipo akakimbia.

Mama Furaha alimsikiliza akiwa amesimama mbele ya duka lake, mabunda ya vikwembe nyuma yake. Hakumkaribisha kukaa.

"Ulizipiga nzima?" aliuliza.

Chadrack akaanza kueleza habari za ogani.

"Nilisikia," Furaha akasema. "Nilikuwa nafungulia redio na majirani wote, juu wasikie jina ya dada yangu. Nikasikia makelele ya kando."

"Mama, nakuomba. Noella anakufa."

"Juu ya Noella nitakuja. Weye hata ungekufa hapa mulangoni, ningeagiza wafagie."

Ndani ya teksi Furaha alimweleza kwa maneno machache, bila kumtazama. Sharifa alipatwa akiwa msichana, akioga ziwani Kalundu. Alikuwa kiti cha jini. Mgeni huyo alipenda kuimba, na alipoimba alimkausha. Kizito peke yake aliona. Alikuwa kijana, mjuaji, anatamani kuonyesha vidole vyake, akavifunga. Alimwekea mgeni sakafu ya kusimamia, ya chini, isiyotikisika, ili asimkanyage Sharifa. Kabla Kizito hajaondoka kwenda nchi za watu, Sharifa alimwimba mgeni mzima akamwingiza ndani ya kanda za mwisho, Kizito chini yake, akafunga kinywa. Hakuimba tena hadi kifo chake.

"Ule mugeni alikuwa amelala mule mu kanda, juu ya kitanda chake," Furaha alisema. "Weye ukamufukuza kitandani, ukasema kitanda ndiyo muziki."

Walimkuta Noella bado amekaa, bado anaimba, midomo imekuwa ya bluu. Furaha akafukiza ubani, akamtandazia kitambaa cheupe mabegani, akamnyunyizia marashi ya waridi, akamsomea sikioni. Wimbo haukukatika. Ulicheka katikati, kisha ukaendelea.

"Hatatoka bila musindikizaji," Furaha akasema. "Iko nini hapa ya kupigia?"

Kulikuwa na kinanda kidogo cha betri, kimefunikwa gunia juu ya kabati. Chadrack alikuwa amekiacha zamani, siku alipogundua kwamba hatakuwa Kizito. Na kwa kuwa hakuweza kuwa Kizito, aliamua kwamba hakuna mwingine anayestahili kuwa chochote. Akakishusha. Akapiga, na kwa mazoea ya mtu anayetaka kuonekana, akatia pambo, akapanda kidogo kumfuata mwimbaji.

Noella akakabwa. Macho yakatoka.

"Usionyeshe!" Furaha akamfokea. "Nani anakuangalia weye? Shuka!"

Akashuka. Akabaki na sauti za chini. Baada ya muda mkono wa kulia ukajisahau, ukarusha noti moja tamu, na shingo ya Noella ikapinda.

"Masikio ya mbuzi," jini akasema katikati ya wimbo, kwa starehe. "Vidole vya mbuzi pia. Kizito alikuwa mufalme, akakubali kuwa mukeka. Huyu ni mukeka, anataka kuwa mufalme."

Chadrack akauondoa mkono wa kulia, akaukalia. Kwa wa kushoto akabonyeza akashikilia. Hakufanya kitu kingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote aliyowahi kuifanya, kukaa chini ya kitu kizuri namna ile bila kukigusa, jasho likimwingia machoni, mgongo ukiuma, kila mfupa mwilini ukiomba kujitokeza. Na akajua sasa kwamba kile alichokiita uvivu wa Maestro kilikuwa nguvu zake zote. Sauti ya juu ikapanda. Ikajitenga. Kwanza ilikuwa kinywani mwa Noella, kisha ikawa mbele ya kinywa, kisha katikati ya chumba hewani, imesimama juu ya ile sauti ya kinanda kama mtu juu ya mtumbwi, inaelekea mlangoni.

Na kifua cha Noella kikashuka. Akatoa pumzi, ikawa kama kilio, akaangukia bega la Furaha.

"Shikilia mupaka avuke mulango," Furaha alinong'ona. "Usiseme kitu."

Wimbo ulifika kwenye rido. Ulikuwa mzuri kuliko siku zote, na ulikuwa unakwenda, na hautarudi. Chadrack akafungua mdomo.

"Kaa kwangu," akasema.

Furaha akageuka, hakuamini alichosikia. Wimbo ulisimama.

"Kwako?" Sauti ilitoka mlangoni patupu, bila koo, na haikuwa na hasira hata kidogo. "Hata imbwa inachagua fasi ya kulala."

Rido likatikisika. Harufu ya tope ikatoka yote kwa mara moja, na nje jirani akasikika akimkemea mbuzi, kama siku yoyote.

Furaha alirudi Kalundu na kanda zake ndani ya kitambaa. Chadrack alijitolea kuzipiga nzima, kutaja jina, kuomba msamaha hewani. Furaha alizipeleka kwenye redio nyingine.

Noella alipona polepole. Sauti ilimrudia ikiwa na mikwaruzo. Haikufaa tena hata kwa korali. Chadrack alimpikia, akamchotea maji, akamwambia aimbe akitaka, mlango uko wazi. Noella alikula, akanywa, akashukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye nyumba ya wageni. Kisha asubuhi moja alitoka chumbani na begi, kikwembe kimefungwa vizuri, akakaa mezani mbele yake.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Siku zote zile. Nilikuwa chini, lakini nilikuwa nasikia. Kesho, kesho. Nilikusikia."

"Noella..."

"Ngoja. Niko na ulizo moja. Siku ile ulimwambia akae kwako. Ilikuwa juu yangu, nisipatwe tena? Ao ilikuwa juu ya ile sauti?"

Chadrack, mtu wa maneno, akatafuta neno. Angeweza kudanganya. Noella alimngoja. Alimpa muda mrefu kuliko aliostahili. Chai ilipoa mbele yao, pikipiki zikapita, mtu akabisha hodi akaondoka. Mwishowe Noella akainuka, akachukua begi lake, akaenda kwa wazazi wake Lubarika. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, kwa adabu.

Siku hizi anayepita Rugenge jua likiwa utosini husikia kinanda. Sauti chache za chini, zimeshikiliwa bila kukatika. Chadrack huufungua mlango wazi, huweka ubani kwenye kaa la moto kizingitini, bakuli la maji kando yake, hukaa ndani na kusikilizia. Majirani huvuta watoto wao, huvuka upande wa pili wa barabara. Kwingine watu hutafuta wa kumtoa jini. Huyu anamtandikia mkeka. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, akawaambia wasimzibie mlango.

Baadhi yao wakaogopa, wakamwendea Mama Furaha: je, mtu huyu hatauletea mtaa balaa?

Furaha alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua uso.

"Mumuache apige," alisema. "Hakuna mwenye atamujia."